Nani Analipia Mabati? Kutoka Nyali hadi Nairobi kwa Njia ya Makanisa

Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo, Waislamu ni kama asilimia 11, na waliosema hawana dini yoyote walizidi 750,000. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 8, inasema kwa maneno machache kwamba nchi haina dini ya taifa. Hata hivyo wiki ya siasa nchini Kenya huanzia kanisani. Jumapili mbunge, gavana, waziri, hata rais mwenyewe huketi safu ya mbele. Ibada ikiisha, na wakati mwingine kabla haijaisha, hukabidhiwa maikrofoni, na kabla ya kuirudisha hutaja kiasi alichokuja nacho kwa ajili ya mabati, basi la kwaya au nyumba ya mchungaji. Jumatatu magazeti huandika alichosema. Safari inayosimuliwa hapa ilipita makanisani kuanzia ufuo wa Nyali, Mombasa, hadi katikati ya Nairobi, ikifuata swali moja tu: nani analipia jengo la kanisa, na akishalipa anapewa nini.

Nyali ndiko mahali pa kuanzia kwa sababu makaburi ya mwanzo yako huko. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS la London, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, Rosina alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Siku hizi kaburi na mnara wa kumbukumbu vimezungukwa na majumba ya kifahari, na anayevitafuta hana budi kuuliza walinzi wa mageti mara mbili tatu.

Katika wiki hizohizo za msiba na homa Krapf alikuwa ameanza kuweka kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Jambo hili husahaulika upesi. Mwaka 2010, Kenya ilipopigia kura katiba mpya, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini waikatae, na moja ya sababu zao mbili kubwa ilikuwa mahakama za kadhi. Nyingine ilikuwa kifungu kinachohusu utoaji mimba. Katiba ilipita Agosti 4 kwa takriban asilimia 67 ya kura. Yaani maaskofu walishindwa na waumini wao wenyewe, katika nchi ambayo Biblia yake ya Kiswahili ilianza kuandikwa kwa msaada wa kadhi.

Si mbali na kaburi la Rosina kuna Freretown, kijiji kilichoanzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyemshinikiza Sultani Barghash wa Zanzibar kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873. Wenyeji wa leo hawana haja na jina la Frere. Makutano ya barabara pale huitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wanakijiji kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Matatu husimama hapo siku nzima, makanga wakiita abiria wa Kongowea na Bamburi, na kengele ipo palepale chini ya kijumba chake cha matao, rangi zikiwa zimebabuka. Kengele ya kanisa iliyopigwa ili watu wakimbie ni kitu cha kuzingatia. Hapo kanisa lilikuwa kimbilio kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo.

Rabai, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, hufikiwa kwa kukata kushoto au kulia, kutegemea umetoka wapi, pale Mazeras katika barabara kuu ya Nairobi, kisha kupanda bodaboda kati ya minazi. Krapf alihamia huko mwaka 1846 pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, yule aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kudhihakiwa na mabingwa wa jiografia wa Ulaya. Kanisa lao la mwanzo sasa ni makumbusho. Nyumba zao bado zimesimama. Nyuma ya kilima upo msitu wa kaya za Warabai, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya huingia msituni kwa miiko yao, na Wakristo huingia kanisani kwa nyimbo zao. Si jambo la ajabu mtu huyohuyo kuhesabiwa pande zote mbili.

Matunda ya wamisionari hawa wawili, kwa kipimo chao wenyewe, yalikuwa haba. Mtu wa kwanza waliyembatiza, Mringe, alikuwa kilema aliyekuwa karibu kukata roho. Lililoifanya Rabai kuwa mji halikuwa mahubiri, walikuwa watoro. Kuanzia miaka ya 1870 watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walipanda kilima hicho mmojammoja, kisha kwa makundi. Wamisionari Wazungu walisitasita kuwapokea, kwa kuwa sheria ya Sultani iliwahesabu kuwa mali ya watu na shirika halikutaka ugomvi. Aliyewafungulia mlango zaidi alikuwa Mwafrika, William Jones, ambaye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa na kulelewa India, katika kituo cha Nasik karibu na Bombay. Jones ndiye aliyefuatana na Askofu James Hannington kuelekea Uganda mwaka 1885, na baada ya askofu kuuawa Busoga ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki Rabai, mapema mwaka 1886, wakitanguliwa na bendera iliyoandikwa neno moja la Kiebrania: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Mwaka 1888 mabwana wa watumwa walidai mali yao. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya IBEA iliyokuwa imekodishiwa pwani na Sultani, alifanya hesabu, akakuta watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Aliwalipa mabwana hao fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro wakagawiwa hati za uhuru. Uhuru huo ulinunuliwa na kampuni ya biashara iliyohitaji njia salama ya misafara na urafiki wa matajiri wa Mombasa. Hakuna wa kumlaumu mtoro kwa kuipokea hati yake. Ila tangu siku hiyo kanisa la Rabai lilikuwa na deni kwa kampuni, na miaka michache baadaye kampuni ikaikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Ukoloni Kenya uliingia na risiti mkononi.

Kaskazini zaidi, katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kilifi, palikuwa na kijiji kingine cha watoro, Fuladoyo, ambacho hakikuwa na mmisionari Mzungu wala mfadhili. Kiongozi wake, David Koi, aliuawa mwaka 1883, na Waanglikana wa Kenya humkumbuka kama shahidi wao wa kwanza. Nyika ya Kilifi leo inajulikana duniani kwa jina jingine. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, magharibi ya Malindi, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wamekaa. Mashtaka yanasema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, mingi ya watoto. Mackenzie alikana mashtaka. Safari hii haikufika Shakahola. Hakuna cha kutazama huko ila ardhi iliyochimbwa, na familia zilizosubiri majibu ya vinasaba kwa miezi mingi hazihitaji watalii.

Lakini Shakahola haiwezi kurukwa katika mazungumzo ya kanisa na dola, kwa sababu ilizua swali ambalo wachungaji hawalipendi: je, serikali iwe na mamlaka ya kusajili na kukagua makanisa? Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa Baraza la Makanisa la NCCK na baadaye mbunge. Mapendekezo ya kuweka sheria ya mashirika ya kidini yalipotolewa, makanisa mengi, hasa ya Kipentekoste, yalipinga kwa sauti kubwa yakisema uhuru wa kuabudu unaingiliwa. Hoja hiyo ina uzito wake. Ingekuwa na uzito zaidi kama makanisa hayohayo yangeona uhuru huo unaingiliwa pia na bahasha za Jumapili.

Kutoka Miritini, Mombasa, treni ya SGR hukata Tsavo na kufika Syokimau, nje ya Nairobi, kwa muda wa saa tano hadi sita. Kabla ya kuingia jijini inafaa kupita Murang'a, mwendo wa saa moja na nusu hivi kaskazini, kwa ajili ya ukuta mmoja wa kanisa.

Kanisa Kuu la Mtakatifu James, Murang'a, lilijengwa katika miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Wengi wao walikuwa watu wa Uamsho, ile harakati iliyotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki yote kwa wimbo wa Tukutendereza. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau kwa kusema kwamba wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya. Na wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Jiwe la msingi liliwekwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, na katika mazingira ya wakati ule ilikuwa rahisi kanisa hilo ligeuke mnara wa ushindi wa mkoloni.

Kilichoizuia hatari hiyo kwa kiasi fulani ni rangi. Kazi ya kuchora kuta ilipewa kijana wa Kichaga kutoka Marangu, Elimo Njau, aliyekuwa amesomea sanaa Makerere, na ndiye ambaye baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Alichora picha kubwa tano: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika. Vilima ni vya Murang'a, vile vile vinavyoonekana ukitoka mlangoni, vyenye miteremko ya kijani na mabonde membamba. Ubatizo unafanyika kwenye maji ya mto wa nyumbani, na watu waliosimama ukingoni wangeweza kuwa majirani. Niliposimama mbele ya ile ya kusulubiwa, kilichonishika zaidi hakikuwa msalaba wenyewe, ilikuwa nchi iliyo nyuma yake: mashamba na nyumba, maisha yanaendelea kana kwamba hakuna kinachotokea. Njau alichora hayo wakati hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilikuwa bado haijaondolewa, na vijiji vya Murang'a vilikuwa vimezungushiwa miba na mahandaki. Mzazi aliyepoteza mwana msituni na mzazi aliyepoteza mwana kwa kukataa kiapo wangeweza kuitazama picha hiyo kila mmoja akamwona wake. Katika yote yaliyoandikwa kuhusu Ukristo na siasa Kenya, ni machache yanayofikia ukuta huo.

Watu wa Uamsho walijaribiwa tena baada ya uhuru. Mwaka 1969, kufuatia kuuawa kwa waziri Tom Mboya, Wakikuyu wengi walipelekwa Gatundu kulishwa kiapo cha kulinda urais usivuke mto, yaani usitoke mikononi mwao. Mzee mmoja wa kanisa la PCEA aliyekataa alipigwa hadi akafa. Askofu Obadiah Kariuki, aliyekuwa na ushemeji na Rais Jomo Kenyatta, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliopinga jambo hilo, na viapo vikakoma. Ushemeji ulisaidia, bila shaka. Lakini shemeji ambaye hajapokea kitu huzungumza tofauti na shemeji aliyepokea.

Nairobi kanisa la kutazamwa kwanza ni Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, All Saints, jengo la mawe ya kijivu la mtindo wa Kigothi kando ya Uhuru Park. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na lilikusudiwa kuwa kanisa la walowezi. Watoto wa ibada ya Kiingereza ya saa tatu hucheza leo kwenye nyasi ambazo zamani Mwafrika angekanyaga kama mtumishi tu. Jengo hili limeingia katika historia ya nchi kwa sababu mbili, na zote zimo katika miaka ya 1990.

Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alikuwa muumini wa kanisa la AIC na hakukosa ibada. Kila Jumapili usiku taarifa ya habari ilifungua kwa kanisa alilohudhuria. Sauti zilizompinga pia zilitoka kanisani, kwa kuwa vyama vingine vilikuwa vimepigwa marufuku na bunge lilikuwa la chama kimoja. Agosti 1986 wachungaji wapatao 1,200 waliokutana chini ya NCCK walikataa kura ya mlolongo, ile ambayo mpiga kura hupanga mstari nyuma ya picha ya mgombea. Uchaguzi wa mlolongo ulifanyika hata hivyo, 1988, na gazeti la kanisa lililoandika wizi wake, Beyond, likapigwa marufuku na mhariri wake kufungwa. Siku ya mwaka mpya wa 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba yaliyozikuta tawala za Ulaya Mashariki yangeweza kuifikia Kenya. Agosti mwaka huo waziri Peter Okondo alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akithubutu kukanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda Busia Agosti 14, akahutubia waumini, na jioni akiwa njiani kurudi lori likagonga gari lake akafa. Okondo alijiuzulu.

Sababu ya kwanza ya umaarufu wa All Saints ni akina mama. Februari 28, 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika Uhuru Park, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, Maathai akapigwa hadi kupoteza fahamu, na baadhi ya mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo mwanamume wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa. Walihamia chini ya sakafu ya kanisa kuu, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wana wao walipoachiliwa mwaka 1993. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya walowezi likawa nyumba ya mama wa vijijini.

Sababu ya pili ni Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi walipowafuata wanaharakati wa katiba hadi ndani ya kanisa hilo na kuwapiga kati ya viti vya waumini. Njoya alikuwa mmoja wa waliopigwa. Kanisa lilifanyiwa ibada ya utakaso. Waliomwona Moi akikubali mageuzi kidogo kidogo miezi iliyofuata husema damu ile kwenye zulia ndiyo iliyomwogofya.

Hadithi hiyo husimuliwa Nairobi kwa fahari, na ni haki yake. Husimuliwa mara chache zaidi kwamba haikuwa kanisa lote. Baadhi ya madhehebu yalijitoa NCCK yakisema siasa si kazi ya wachungaji, na yakaendelea kumpokea rais pamoja na michango yake. Wala haikudumu. Baada ya 2002 wapinzani wengi wa zamani waliingia serikalini, na kanisa likabaki bila la kusema kwa watu wake wenyewe. Mwaka 2007 maaskofu walionekana kupendelea wagombea wa makabila yao. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata NCCK iliomba msamaha kwa kuwa na upande. Toka Kengeleni mpaka Kiambaa ni umbali mkubwa kuliko reli inavyoonyesha: mahali pa kukimbilia palikuwa pamekuwa mtego.

Kinachoendelea sasa kinaeleweka vizuri zaidi mchana wa siku ya kazi kuliko Jumapili. Saa saba, katika bustani ya Jeevanjee, wahubiri wa barabarani husimama kwenye duara za wasikilizaji waliotoka ofisini na wasiotoka popote. Mmoja anapiga kelele kuhusu mwisho wa dunia, pembeni yake watu wanabishana siasa kwa sauti ileile, na msikilizaji huhama kutoka duara moja hadi jingine bila kubadilisha uso. Kadi yenye nambari ya M-Pesa huwa imening'inizwa kwenye spika. Ndani ya makanisa makubwa nambari hiyo huonyeshwa kwenye skrini wakati wa sadaka, moja kwa zaka, nyingine kwa ujenzi. Ufalme wa Mungu Kenya hulipwa kwa simu kama stima na maji.

Teknolojia hiyo ingeweza kulikomboa kanisa. Muumini anayetuma shilingi 100 kila Jumapili, akiwa na wenzake elfu tano, hahitaji mbunge. Lakini mbunge huja na milioni kwa mpigo mmoja, tena mbele ya kamera. Kuanzia miaka ya 2010 ushindani wa wanasiasa kutoa zaidi makanisani uligeuka kampeni ya kudumu, na hakuna aliyeimudu kuliko Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais hadi alipoapishwa kuwa rais Septemba 2022. Muda mfupi baadaye wachungaji walijaa Ikulu kwa ibada.

Upinzani wa kwanza wa maana ulitoka Butere. Septemba 12, 2021, katika kuwekwa wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana mwenye jimbo nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwa wameketi pale. Walitambuliwa, wakasalimiwa, wakaketi. Maaskofu wa Kikatoliki walitoa msimamo kama huo siku hizohizo. Uliheshimiwa kwa muda na katika baadhi ya parokia.

Kisha wakaja vijana. Juni 2024, walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, walitangaza pia kwamba watakwenda makanisani, wawaulize wachungaji kwa nini madhabahu imekuwa jukwaa. Juni 25 waliingia bungeni, polisi wakafyatua risasi, watu wakauawa, na kesho yake rais akasema hatatia saini mswada. Mapema Julai akapiga marufuku maafisa wa serikali kuchangia harambee. Novemba 14 maaskofu wa Kikatoliki walitoa tamko kali lililolaumu utamaduni wa uongo serikalini. Jumapili iliyofuata, Novemba 17, rais alikuwa katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, akitoa mamilioni ya shilingi kwa nyumba ya padri na kwaya. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru pesa zirudishwe.

Tukio hilo lilishangaza kwa sababu halikuwa la kawaida. Padri wa parokia alibaki na nyumba isiyokwisha, na kwaya bila vifaa. Gharama ya msimamo wa askofu ililipwa na watu wa mtaa. Ndiyo maana maaskofu wengi hawathubutu. Machi 2025 Ruto aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana walijaribu kulizingira, polisi wakawatawanya kwa gesi. Kanisa hilo halikurudisha kitu. Julai 2025 gazeti la Daily Nation lilifichua mpango wa kujenga kanisa kubwa ndani ya uwanja wa Ikulu, rais akasema analijenga kwa pesa zake na hataomba radhi kwa yeyote. Suala likafikishwa mahakamani. Kwa vyovyote litakavyoishia, kanisa lililo ndani ya ukuta wa Ikulu haliwezi kumpokea mama anayekimbia askari wa Ikulu, na kwa kipimo cha Kengeleni hilo ni pungufu lake la kwanza.

Kosa la wachunguzi wengi ni kudhani kwamba imani ya Wakenya imeoza pamoja na siasa. Niliyoyaona njiani hayasemi hivyo. Rabai bado kuna ibada, vikundi vya Uamsho vinaendelea kukutana nyumbani kwa watu Murang'a na kutubu kwa majina, na wengi wa vijana waliowakemea wachungaji mwaka 2024 walifanya hivyo kama waumini waliojua mistari ya Biblia. Kilichopungua ni idadi ya viongozi wanaoweza kusema hapana na kubaki na paa juu ya vichwa vyao.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa Agosti 2027, na harambee tayari zimeanza. Msomaji akitaka kujua kanisa lake litakuwa upande gani wakati huo, asiishie kusikiliza mahubiri. Aombe hesabu za mfuko wa ujenzi zisomwe mbele ya waumini, jina kwa jina. Ni haki yake, maana naye amechangia.